Mashine Ilikuja, Karatasi Ikabaki Mlangoni

Usiku wa kuamkia Agosti 10, 2022, baada ya Kenya kupiga kura, barazani petu Kisauni, Mombasa, hakuna aliyelala mapema. Tulikuwa watu kama tisa, simu nne, daftari moja la shule na birika la kahawa lililokwisha kupashwa moto mara tatu. Mpwa wangu alikuwa amefungua tovuti ya tume ya uchaguzi. Anachagua kaunti, kisha eneobunge, kisha wadi, kisha kituo, halafu anasubiri bando limtendee haki. Picha ikatokea. Ilikuwa ya karatasi tu: Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, tarakimu zimeandikwa kwa mkono wa mtu aliyechoka, sahihi za maajenti chini, muhuri umekaa mshazari.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu udereva wa malori, akaiomba simu. Akaisogeza mbali na uso, akasoma tarakimu moja baada ya nyingine, akairudisha. "Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo niliyoiona mlangoni pa darasa."

Hakuuliza nani anaongoza. Kwanza alitaka kujua kama alichokiona kwa macho yake kule shuleni ndicho kilichofika Nairobi. Kilikuwa kimefika. Akanywa kahawa yake, akaenda kulala, akatuacha sisi tukigombana juu ya kujumlisha.

Ninamkumbuka mzee yule kila ninaposikia mjadala wa teknolojia na uchaguzi, kwa sababu mjadala wenyewe huwa na kambi mbili zinazopigiana kelele. Wako wanaoamini kwamba mashine itatuondolea wizi wa kura, na wako wanaoamini kwamba mashine ndiyo mwizi. Mzee hakuwa kambi yoyote. Alikuwa na karatasi, na alikuwa na njia ya kuifuata.

Aliyekuwa mtu mzima mwaka 2007 anajua kukosa njia hiyo kunazaa nini. Wakati ule wasimamizi wa maeneobunge walikuwa wakisoma hesabu kwa simu hadi makao ya kujumlishia kura pale KICC, Nairobi, na baadhi ya hesabu zikawa hazilingani na zilivyosomwa kule zilikotoka. Mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, alilalamika hadharani kwamba baadhi ya wasimamizi wake hawapatikani, simu wamezima. Desemba 30 mshindi akatangazwa mbele ya kamera za shirika la utangazaji la serikali peke yake, na giza likiingia Mwai Kibaki akaapishwa Ikulu. Siku chache baadaye Kivuitu huyohuyo akawaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama Kibaki ndiye aliyeshinda. Zaidi ya watu 1,100 walikufa na zaidi ya 600,000 wakakimbia makwao. Tume iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji mstaafu kutoka Afrika Kusini, ilichunguza ule mkanganyiko ikasema uchaguzi uliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda.

Katika wiki zilezile za damu, simu za mkononi zilifanya kazi mbili kwa pamoja. Ujumbe mfupi wa chuki ulisambazwa nchi nzima, kabila hili likichochewa dhidi ya lile. Na ujumbe mfupi huohuo, Januari 2008, ukawa msingi wa Ushahidi, jukwaa lililobuniwa haraka haraka na Wakenya na marafiki zao wa mitandaoni, ambapo raia aliyeona nyumba inachomwa alituma habari na tukio likawekwa kwenye ramani. Jukwaa hilo baadaye lilitumika hata Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010. Hatujalisifu vya kutosha, pengine kwa sababu lilizaliwa wakati tunaoona haya kuukumbuka.

Kriegler alipendekeza mambo mengi. Alizungumzia utamaduni wa watu kuvunja sheria za uchaguzi bila kuadhibiwa, na alipendekeza pia mfumo wa kisasa wa kupeperusha matokeo. Sisi tulisikia pendekezo moja tu. Tukaagiza mashine.

Zikaja za 2013: vifaa vya kusajili wapiga kura kwa alama za vidole, kompyuta za kuwatambua kituoni, na simu za kupeperusha hesabu. Machi 4 asubuhi foleni zilikuwa ndefu na betri zilikuwa fupi. Shule nyingi zilizotumika kama vituo hazikuwa na umeme, na kompyuta zilipozimika makarani wakarudi kwenye sajili ya karatasi. Upeperushaji nao ukakwama, masanduku ya fomu yakabidi yaletwe kwa mikono hadi Bomas, ukumbi wa kujumlishia matokeo jijini Nairobi. Lakini kilichoniuma zaidi ni ule ubao wa matokeo kwenye runinga. Kura zilizokataliwa zilipanda zikapita 300,000, nchi ikashika kichwa, watu wakasema Wakenya wamesahau kupiga kura. Kumbe programu ilikuwa na hitilafu iliyozidisha idadi hiyo mara nane. Hesabu ya mwisho ikawa takribani 108,000. Kosa la karani mmoja huharibu kituo kimoja. Kosa la mstari mmoja wa programu lilitisha taifa zima kwa siku mbili. Na mshindi alipotangazwa kwa asilimia 50.07, nani angemlaumu aliyeshuku?

Mwaka 2017 ndio mashine ilipojaribiwa vikali, na hapa naomba msomaji tusiende mbio.

Mwishoni mwa Julai, siku chache kabla ya kura, mwili wa Chris Msando ulipatikana viungani mwa Nairobi ukiwa na alama za mateso. Msando ndiye aliyekuwa akisimamia teknolojia ya tume, mtu aliyekuwa akijitokeza kwenye runinga kueleza kwa utulivu jinsi mfumo utakavyofanya kazi na kwa nini hautaweza kuchezewa. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji yake. Unaweza kununua mashine ghali kuliko zote duniani, lakini neno la siri hukaa kichwani mwa binadamu, na binadamu ana nyumba, ana mke na watoto, na usiku hutembea barabarani.

Kisha, siku chache kabla ya Agosti 8, tume ikatangaza kwamba vituo takribani 11,000 kati ya 40,883 haviko katika maeneo yenye mtandao wa kutosha, na wasimamizi wake watalazimika kusafiri hadi mahali penye mtandao. Matokeo yalipoanza kumiminika kwenye skrini, yalikuja tarakimu tupu, nyingi bila picha za fomu za kuzithibitisha. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeamua Juni kwamba hesabu ya kituoni ndiyo ya mwisho, hakuna wa kuibadilisha huko juu. Fomu ya kituoni ndiyo kura yenyewe. Sasa fomu haionekani, tarakimu inaonekana. Raila Odinga, marehemu sasa, akawaita waliotangazwa washindi "vifaranga vya kompyuta", na msemo ukaenea hadi kwenye matatu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, nayo iliamuru sava za tume zifunguliwe zikaguliwe, na tume haikutii inavyotakiwa. Septemba 1, Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu dhidi ya wawili wakaufuta uchaguzi wa rais, jambo ambalo halikuwahi kutokea barani Afrika.

Neno "sava" likaingia Kiswahili cha vijiweni siku hizo. Wachuuzi wa samaki waliojua Fomu 34A ni nini tangu usiku wa kuhesabu, sasa walikuwa wakibishana juu ya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, kiko wapi, kina umbo gani, nani ana ufunguo. Bila kujali nani aliibia nani, tulikuwa tumeuhamisha uchaguzi kutoka mlangoni pa darasa, ambapo kila mtu ni shahidi, tukaupeleka mahali ambapo ni mafundi wachache tu wanaoweza kushuhudia.

Vijana huniuliza: kwa nini tusipige kura kwa simu, kama tunavyotuma M-Pesa? Swali ni zuri na jibu lake linafaa kujulikana. Ukituma shilingi 500, mfumo unajua wewe ni nani, umemtumia nani, kiasi gani, saa ngapi, na unakupa ujumbe wa kukuhakikishia. Kukitokea kosa, rekodi zinafunguliwa na pesa zinarudi. Kura inataka kinyume chake. Mfumo ukutambue, uhakikishe hujapiga mara mbili, halafu ukusahau kabisa, lakini kura yako isipotee. Siri na uthibitisho kwa wakati mmoja. Estonia imejaribu tangu 2005, na katika uchaguzi wa bunge wa 2023 zaidi ya nusu ya kura zilipigwa kwa intaneti. Hiyo ni nchi ya watu milioni moja na laki tatu hivi, kila mmoja ana kitambulisho cha kidijitali, na wanaiamini serikali yao. Ujerumani, taifa la wahandisi, ilikwenda njia nyingine. Machi 3, 2009 mahakama yake ya katiba ilisema mashine za kupigia kura zilizotumika huko zinakiuka katiba, kwa kuwa raia wa kawaida asiye na utaalamu hawezi kuhakikisha mwenyewe kwamba kura yake imehesabiwa sawasawa. Wajerumani wakarudi kwenye karatasi na kalamu. Mzee wa barazani petu hajawahi kuisoma hukumu hiyo, lakini angekuwa jaji angeandika hivyohivyo.

Ndiyo maana 2022 ilikuwa tofauti. Mashine ya vituoni iitwayo KIEMS ilitumika tena kutambua vidole na kupiga picha fomu, lakini tume ikafanya jambo moja ambalo halikuhitaji ufundi mwingi: iliziweka picha zote za Fomu 34A kwenye tovuti, zipakuliwe na yeyote. Vituo 46,229. Siku moja baada ya kura, zaidi ya asilimia 95 zilikuwa zimefika. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha kila kimoja kivyake, vijana wa vyuo wakajumlisha, Wakenya walioko Doha na Minneapolis wakajumlisha, na sisi Kisauni tukajumlisha hadi daftari likaisha kurasa.

Haikuwa kazi safi. Vituo vya runinga vilikuwa na hesabu tofauti kwa sababu kila kimoja kilianzia kaunti yake, na katikati ya njia baadhi vikaacha kimyakimya bila kutuambia kwa nini. Fomu zilizochezewa zikaanza kuzunguka WhatsApp, na aliyetaka kuamini akaamini. Agosti 15 pale Bomas, dakika chache kabla ya mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, kumtangaza William Ruto mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, makamishna wanne kati ya saba waliitisha kikao chao hotelini wakasema hawayatambui matokeo. Kwa hiyo uwazi wa karatasi haukuzuia watu wazima kugawanyika meza moja. Ila ulifanya jambo lingine. Walalamishi walipokwenda Mahakama ya Juu wakidai kwamba fomu zilibadilishwa njiani, iliwezekana kuchukua karatasi halisi, kuiweka kando ya ile ya tovuti na kulinganisha. Zililingana. Septemba 5 majaji wote saba wakakubaliana. Hapakuwa na haja ya kubahatisha kilicho tumboni mwa sava. Nchi haikuwaka moto.

Ningependa kukomea hapo, lakini kuna tarakimu zinazoniharibia raha. Mwaka 2013, mashine zilipokufa betri, waliojitokeza kupiga kura walikuwa takribani asilimia 86 ya waliosajiliwa. Mwaka 2017 wakawa chini ya 80. Mwaka 2022, uchaguzi uliokuwa wazi kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, wakashuka hadi 65 hivi. Na vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa wachache kwenye sajili kuliko miaka mitano iliyotangulia, ingawa nchini wamejaa. Tuliboresha mlango, wageni wakapungua.

Wako wapi? Juni 2024 tukawaona. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulitaka kukusanya kodi ya ziada ya shilingi bilioni 346, ikiwamo kwenye mkate, mafuta ya kupikia na magari. Miaka yote miswada ya fedha husomwa na wahasibu na wanaharakati wachache. Safari hii vijana waliufungua kwenye simu. Mmoja akaufafanua kwa Kiswahili kwenye TikTok, mwingine kwa Kikamba, mwingine kwa Kijaluo. Mwingine akaunda programu ya akili unde ambayo unaiuliza kifungu hiki kinamaanisha nini nayo inakujibu. Mijadala ya sauti kwenye mtandao wa X ikakusanya maelfu kwa maelfu usiku wa manane, watu ambao hawajawahi kuonana wala hawana mwenyekiti. Namba za simu za wabunge zikasambazwa na likaja neno jipya: kuwasalimia. Mbunge akiamka anakuta ujumbe elfu kadhaa, wote ni salamu. Nimewahi kuhudhuria vikao vya serikali vya kukusanya maoni ya wananchi, viti vya plastiki, soda moja moja, hotuba ndefu. Sijaona hata kimoja ambacho watu walikuwa wamesoma mswada kama walivyousoma hawa.

Juni 25 bunge likaupitisha, waandamanaji wakaingia bungeni, polisi wakapiga risasi. Intaneti ikazorota nchini mchana uleule. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi. Makumi ya vijana walikufa katika wiki zile, na michango ya hospitali na mazishi ikakusanywa kwa M-Pesa, simu hiyohiyo.

Simu hiyohiyo pia ndiyo iliyowafichua. Vijana waliokuwa na wafuasi wengi walianza kuchukuliwa na watu wasiovaa sare, wengine wakarudishwa baada ya siku kadhaa wakiwa wamenyong'onyea, wengine hawakurudi. Mwaka uliofuata, mtaalamu mmoja wa programu, mama wa watoto, alikamatwa kwa kutengeneza ukurasa unaomwezesha raia kutuma barua pepe bungeni kupinga mswada mpya wa fedha. Alilala rumande. Mahakama ikayatupa mashtaka Juni 20, 2025, kwa kuwa hakuna kosa lililoonekana. Fikiria: katiba inamtaka raia atoe maoni, mtu anarahisisha utoaji wa maoni, anafungwa pingu.

Na msomaji asidhani hizi simu zilianza kutumiwa kisiasa na vijana. Kampuni ya Uingereza iitwayo Cambridge Analytica ilinaswa na kamera za siri za Channel 4 mwaka 2018, wakuu wake wakijisifu kwamba waliendesha kampeni za Kenya za 2013 na 2017 kuanzia utafiti hadi hotuba. Kujisifu kwa wauzaji ni kujisifu kwa wauzaji, siwezi kupima waliuza nini hasa. Ila najua kwamba mwaka 2021, rejista ya vyama ilipowekwa mtandaoni, Wakenya wengi walijikuta wanachama wa vyama wasivyovijua. Mimi mmoja wao. Chama chenyewe sikitaji. Sijawahi hata kupita mbele ya ofisi yake. Mtu alikuwa na namba yangu ya kitambulisho, akanisaidia kuwa mfuasi.

Majirani wengine wamechagua dawa kali zaidi, ya kuzima kabisa. Uganda ilizima intaneti siku ya kuamkia kura ya Januari 2021, na tena Januari 2026. Tanzania ilizima Oktoba 29, 2025, siku yenyewe ya kupiga kura, na watu wa Dar es Salaam, Arusha na Mbeya wakakaa siku kadhaa bila kujua jamaa zao wa mtaa wa pili wako hai au la. Sisi wa Mombasa tulikuwa tukipiga simu Tanga bila kupata. Serikali inayozima mtandao siku ya kura inakuwa imekwisha kusema inachokiogopa.

Kongo ndiko ninakokufikiria zaidi. Uchaguzi wa Desemba 30, 2018 ulifanywa kwa mashine zenye skrini kutoka Korea Kusini, na kwa Kifaransa herufi moja tu hutenganisha mashine ya kupigia kura na mashine ya kuiba. Wapinzani hawakuiacha nafasi hiyo ipite. Kesho yake intaneti ikazimwa kwa takribani wiki tatu. Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi karibu 40,000 vituoni, likasema takwimu zake zinaonyesha mshindi waziwazi. Gazeti la Financial Times lilichambua takwimu zilizovuja, likakuta Martin Fayulu ameshinda. Aliyetangazwa ni Félix Tshisekedi, na tume haikuchapisha matokeo kituo kwa kituo. Siku ya kura, watu wa Beni, Waswahili wenzetu ambao kura yao iliahirishwa kwa sababu ya Ebola na mashambulizi ya waasi, walipanga foleni barabarani, wakanawa mikono, wakapiga kura zao wenyewe kwenye karatasi, wakazihesabu mbele ya wote. Hazikuingia popote. Lakini kila aliyekuwa pale aliweza kukwambia zilikuwa ngapi.

Uchaguzi wetu ujao ni Agosti 10, 2027. Tume mpya imekwisha kuanza usajili, na watauziwa mashine mpya, kama ilivyo ada. Sina ugomvi na mashine. Ninachotaka tuulize mapema ni mambo mawili: je, picha za fomu zote zitawekwa wazi kama 2022, na je, intaneti itaachwa hai siku hiyo na siku zinazofuata? Hayo yaandikwe kwenye sheria, yasiwe hisani ya mwenyekiti.

Wewe nawe kajisajili. Siku ikifika piga kura, nenda nyumbani ukale, kisha urudi shuleni jioni. Kura zikimalizwa kuhesabiwa, msimamizi atabandika karatasi mlangoni. Ipige picha, tarakimu zote zisomeke, muhuri uonekane, uihifadhi. Na simu iwe na chaji.